Zawadi ya Krismasi Inayomfikisha Mtoto Januari: Mwongozo wa Kuhamasisha Familia za Kigoma

Kila ifikapo Desemba, mvua zikiwa zimeshika na njia za Gungu zimegeuka tope, watu wenye moyo mwema huanza kuulizana watawapelekea nini watoto wasio na kitu. Jibu la haraka huwa ni lile lile: soda, biskuti, kilo chache za mchele na picha ya pamoja. Sisemi kwamba mtoto haifurahii soda, anaifurahia sana. Ninachosema, baada ya miaka saba ya kuratibu michango hii katika jumuiya yetu, ni kwamba soda huisha kabla jua la tarehe 25 halijazama ziwani, ilhali wiki mbili au tatu baadaye shule hufunguliwa na mtoto yule yule hubaki nyumbani kwa sababu hana viatu, hana shati, hana daftari.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzishawishi familia za mtaa mmoja zitoe zawadi ya Krismasi itakayomfikisha mtoto darasani. Umeandikwa kwa ajili ya kikundi kidogo, kama vile jumuiya ya kanisa, kwaya, kikoba au majirani wa kaya 15 hadi 30 wanaofahamiana. Kikundi kikubwa zaidi ya hapo kitahitaji ofisi, na ofisi ikishaingia, fedha nyingi huishia kwenye nauli na chai ya vikao.

Kwa nini zawadi ilenge Januari

Tangu Januari 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 msamaha huo ukafikishwa kidato cha tano na cha sita. Watu wengi wenye uwezo husikia maneno "elimu bila malipo" wakadhani mzigo wote umeshushwa. Haukushushwa wote. Sare, viatu, madaftari, kalamu na begi vilibaki mikononi mwa mzazi au mlezi, na mlezi mwenyewe mara nyingi ni bibi anayeuza mihogo ya kuchemsha kando ya barabara na kulea wajukuu wanne. Hoja hii uibebe kichwani unapokwenda kuomba, kwa sababu ndiyo itakayojibu swali utakaloulizwa kwanza: "Si serikali inawasomesha bure?"

Kuna pia wale waliomaliza darasa la saba na kuchaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Hao wana uhitaji mkubwa kuliko wote, kwa kuwa sare ya msingi haiwafai tena na kila sekondari ina rangi zake. Ukiwa na nafasi ya kuwasaidia watoto wachache tu, waangalie hao kabla ya wengine.

Anzeni mwishoni mwa Oktoba

Tangazo linalotolewa katikati ya Desemba limechelewa. Wakati huo kila familia imeshapanga fedha zake hadi shilingi ya mwisho, mafundi cherehani hawapokei tena kazi, na bei ya viatu vya shule imeshapanda. Kikao cha kwanza kifanyike wiki ya mwisho ya Oktoba, orodha ya watoto ikamilike katikati ya Novemba, michango ikusanywe kuanzia hapo hadi wiki ya kwanza ya Desemba, na ununuzi uwe umekwisha ifikapo tarehe 15.

Jambo ambalo waandaaji wengi hulisahau ni kwamba fedha haziingii katika kila nyumba siku moja. Mwalimu, muuguzi na karani wa bandarini hupata mwisho wa mwezi. Hao waombwe mshahara wa Novemba unapotoka, kwani wa Desemba huwa umeshaliwa na sikukuu kabla haujafika. Familia za wavuvi wa Kibirizi na Katonga zina kalenda nyingine kabisa, nayo ni kalenda ya mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi unapokuwa mpevu taa hizo hazina nguvu ya kuwavuta samaki, kwa hiyo mitumbwi mingi hukaa nchi kavu kwa siku kadhaa. Ukimwendea mke wa mvuvi wakati wa mbalamwezi utamkuta hana kitu na utamwaibisha bure; mwendee wakati wa giza, siku ya pili au ya tatu baada ya mitumbwi kurudi na mzigo, na mara nyingi atatoa zaidi ya yule mwenye mshahara. Mkulima wa Mwandiga naye, Desemba ana jembe mkononi na ghala linaloelekea kwisha. Huyo asiombwe noti. Aombwe dumu dogo la mawese, kisado cha maharage, au siku moja ya kazi ya kuezeka upya paa la nyumba ya mlezi.

Namna ya kupata orodha ya watoto

Hapa ndipo pagumu, na ndipo nitakapokaa muda mrefu.

Mwaka wetu wa kwanza tulitangaza kwamba mwenye kujua mtoto mwenye uhitaji alete jina. Ndani ya siku nane tulikuwa na majina 63, na tulipoyapitia tulikuta wapwa wa viongozi, watoto wa wenye maduka, na mtoto mmoja ambaye jina lake lilikuwa limeletwa na watu watatu tofauti kwa tahajia tatu tofauti. Hatukuwa na ujasiri wa kukata majina ya watu waliokaa nasi kikaoni, basi tukagawa kidogo kidogo kwa wote. Kila mtoto alipata madaftari mawili na kalamu moja. Hakuna hata mmoja aliyekwenda shule kwa sababu yetu ambaye asingekwenda bila sisi.

Tangu hapo tunatumia vyanzo vitatu visivyoonana. Cha kwanza ni mwalimu wa darasa, kwa sababu daftari la mahudhurio linamwonyesha nani huchelewa kuripoti kila Januari na nani huja siku za jua na kukosa siku za mvua. Cha pili ni mwenyekiti wa mtaa au kijiji pamoja na mtendaji, ambao wanazijua kaya zilizo katika mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF. Cha tatu ni jirani wa kawaida: mama muuza maandazi, kinyozi, fundi baiskeli, mtu asiye na cheo chochote. Jina linalotajwa na vyanzo viwili kati ya vitatu linaingia kwenye orodha ya kutembelewa, na linalotajwa na kimoja linasubiri.

Ziara ya nyumbani ifanywe na watu wawili, mmoja wao akiwa mwanamke, na isizidi nusu saa. Msiulize "mna shida gani?", kwani swali hilo humlazimisha mlezi kuigiza umaskini mbele ya wageni. Ulizeni mtoto anasoma darasa la ngapi, nani anamsindikiza, anapenda somo gani, na Januari iliyopita aliripoti siku gani. Majibu ya maswali haya manne yatawaeleza yote mnayohitaji kujua. Msiwatafute yatima peke yao: mtoto ambaye wazazi wote wawili wapo lakini baba alivuka kwenda Kongo kufanya biashara na hajaleta habari kwa mwaka mzima, au mtoto mwenye ulemavu ambaye hajawahi kuandikishwa shule, anaweza kuwa na uhitaji mkubwa kuliko yatima anayelelewa na mjomba mwenye duka.

Kisha punguzeni orodha bila huruma ya uongo. Kanuni tuliyoifikia ni familia tatu kwa mtoto mmoja. Kaya 24 zinaweza kumvalisha na kumwandalia shule mtoto mmoja mmoja hadi watoto wanane, kikamilifu, na mtoto wa tisa asubiri mwaka ujao au apelekwe kwa jumuiya jirani. Najua inauma. Lakini mtoto mwenye shati jipya bila viatu bado anarudishwa nyumbani.

Katika ziara hizi mnaweza kukuta jambo zito kuliko ukosefu wa sare: alama za kipigo, binti wa miaka 14 anayezungumziwa habari za kuolewa, mtoto anayefanya kazi usiku mwaloni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inamtaka mwanajamii mwenye taarifa za haki ya mtoto kuvunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Mwoneni afisa ustawi wa jamii, au pigeni 116, ambayo ni namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto. Msijaribu kulisuluhisha ninyi wenyewe, na msilitaje kanisani hata kwa mafumbo.

Kupima

Chukueni vipimo siku ile ile ya ziara. Sare hupimwa na fundi kwa futi yake, na hapo hakuna ugumu. Viatu ndivyo vinavyotuangusha. Mwaka wa pili nilimnunulia kijana mmoja viatu kwa kukisia umri, nikajisifu kwa kupata bei nzuri. Januari nilimkuta njiani amevikanyaga visigino, anaviburuza kama ndala, kwa sababu vilikuwa vidogo na alikuwa amekunja vidole wiki nzima asije akaonekana hana shukrani.

Sasa tunatumia kamba ya katani. Mtoto husimama wima juu ya karatasi au kipande cha boksi, uzito ukiwa kwenye miguu yote miwili, kwani mguu wa aliyeketi ni mfupi kuliko wa aliyesimama. Piga alama nyuma ya kisigino na mbele ya kidole kirefu, pima miguu yote miwili, chukua ule mrefu, kisha ongeza upana wa kidole gumba kwa ajili ya soksi na kukua. Kata kamba kwa urefu huo na uifunge kwenye kikaratasi chenye namba. Usiandike jina. Dukani utaichomeka kamba ndani ya kiatu. Ikilala bila kujikunja, kiatu kinafaa, hata kama namba iliyogongwa kwenye soli inasema vingine.

Nakumbuka bibi mmoja aliyetutazama tukipima mguu wa mjukuu wake, akanyamaza mpaka tulipomaliza, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama ile kamba anaweza kubaki nayo. Tulidhani anataka kamba. Kumbe alitaka kipimo, ili asije mtu mwingine akamwahidi tena viatu na kumletea visivyomwenea. Tangu siku ile tunakata kamba mbili, moja yetu na moja ya mlezi.

Kwenda kuomba

Tangazo la mimbarini huwatayarisha watu tu, halichangishi. Fedha hutoka pale mtu anapobisha hodi. Nendeni jioni, baada ya chakula, mkiwa wawili, na mhakikishe mama na baba wa nyumba wote wapo, kwa sababu ahadi ya mmoja bila mwenzake hugeuka ugomvi. Salimieni kwa utaratibu wote, msikimbilie shida yenu. Kisha ombeni kitu kimoja kinachoshikika. Tofauti kati ya "tunaomba mchango wa watoto wenye uhitaji" na ombi lenye kipimo ni kubwa mno. Sisi husema hivi:

"Shikamoo baba, shikamoo mama. Tumekuja kwa ajili ya mtoto mmoja wa mtaa wetu anayeingia kidato cha kwanza Januari. Familia tatu tunamwandalia shule. Moja imeshika sare, nyingine imeshika madaftari na begi. Tunaomba ninyi mshike viatu na soksi. Kipimo chake hiki hapa."

Na kamba inawekwa mezani. Nimeona watu waliokwisha kuandaa maneno ya kukataa wakiichukua ile kamba, wakaipima kwenye kiganja, wakaanza kubishana wenyewe kuhusu duka lenye viatu imara. Hakuna barua ya mchango niliyowahi kuiandika iliyofanya hivyo.

Jina la mtoto lisitajwe. Inatosha familia ijue darasa lake na kama ni wa kike au wa kiume. Wakisisitiza kumjua, waambieni kwa upole kwamba watakutana naye kila siku njiani na ni heri wasijue ni yupi.

Akijibu baba wa nyumba kwamba mwaka huu hali ni ngumu, mwaminini. Msimsukume na msimsomee mistari ya Biblia kuhusu mjane aliyetoa senti zake, kwani anaijua. Mwombeni kitu kisichohitaji fedha: mtoto wake mkubwa aje kusaidia kufunga mizigo, baiskeli yake itumike siku ya kupeleka, au mama atufulie mashati yaliyotolewa. Mara nyingi aliyesema hana hutokea wiki mbili baadaye na pakiti ya kalamu, kwa sababu tayari amehesabiwa kuwa ni mmoja wa watoaji.

Ahadi zisisomwe hadharani kwa majina na viwango. Harambee ya kutajana inaongeza fedha mwaka wa kwanza na kupunguza watu mwaka wa pili. Mwenye kidogo hukaa nyumbani ili asisikike.

Kuwahusisha watoto wa familia inayotoa

Familia inayotoa kwa mkono wa baba peke yake itasahau. Mtoto wa nyumba akishiriki, yeye ndiye atakayemkumbusha baba Oktoba ijayo. Wazo hili si jipya: Shirika la Utoto Mtakatifu, ambalo Wakatoliki wengi wanalijua parokiani mwao, lilianzishwa Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson kwa msingi huo huo, kwamba watoto wawasaidie watoto wenzao.

Mpe mwanao kazi anayoiweza. Aende dukani achague rangi ya begi na aandike hesabu ya madaftari. Kama ana kibubu, aamue mwenyewe atoe kiasi gani, na akisema hatoi, msimlazimishe wala msimlinganishe na ndugu yake. Kumnyang'anya mtoto sweta lake alipendalo ili mzazi asifiwe ni ukatili mdogo unaofanyika nyumba nyingi wakati wa Majilio. Jambo moja tu lisisitizwe bila mjadala: asiende kusema shuleni kwamba "yule amevaa viatu tulivyonunua sisi." Mwelezeni sababu kabla hamjatoka nyumbani, tena kwa mfano: ungejisikiaje wewe?

Kuhusu nguo zilizovaliwa, kanuni ni fupi. Pokeeni ile tu ambayo mtoaji angemvalisha mwanawe kwenda nayo kanisani, iliyofuliwa, yenye vifungo vyote. Nyingine zirudisheni kwa shukrani siku hiyo hiyo, kabla hazijawa rundo ambalo mtakosa pa kulitupa.

Fedha

Watu watatu wasiokuwa wa ukoo mmoja washike mambo ya fedha: mmoja apokee, mwingine aandike, wa tatu anunue. Mchango wa simu uingie kwenye laini moja iliyosajiliwa kwa jina ambalo kikao kimelikubali, na laini hiyo isitumike kwa jambo jingine lolote hadi kazi iishe, maana fedha za mchango zikichanganyika na za mboga hakuna daftari litakalozitenganisha. Kila risiti ibandikwe kwenye daftari siku ya ununuzi. Mkitaka kuchangisha watu msiowafahamu, kwa mfano sokoni au stendi, mwoneni kwanza mtendaji wa kata mkajitambulishe, la sivyo mtachukuliwa kuwa matapeli, na kwa haki.

Kununua na kushona

Ulizeni bei kwenye maduka matatu kabla ya kununua chochote, na nunueni madaftari kwa pakiti nzima. Kwa sekondari tafuteni kwanza fomu ya kujiunga ya shule husika, kwa kuwa humo ndimo zimeandikwa rangi za sare na aina ya madaftari. Nimeona sketi nzuri kabisa ikikataliwa getini kwa kuwa ilikuwa ya kijani isiyo yenyewe. Kwa shule za msingi mambo ni mepesi: nyingi hutumia shati jeupe na kaptula au sketi ya bluu iliyokolea.

Kitambaa kimfikie fundi mwishoni mwa Novemba. Mwambieni aache pindo la inchi mbili chini ya sketi na kaptula ili liweze kufunguliwa mtoto anaporefuka, na ashone vifungo kwa uzi maradufu. Fundi mzuri atafanya hivyo bila kuongeza bei mkimletea kazi ya watoto wanane kwa pamoja.

Kwa msichana aliyekwisha kuvunja ungo, taulo za kike za miezi mitatu na nguo za ndani ni za lazima kama viatu. Kazi hii ya ununuzi iachiwe akina mama, na mzigo huo ufungwe peke yake ndani ya mzigo mkubwa. Ongezeni vipande vya sabuni kwa kila mtoto, maana shati jeupe bila sabuni ni jeupe kwa wiki moja.

Halafu kuna kitu cha siku yenyewe. Nilianza kwa kuisema vibaya soda, na mwaka mmoja nilikosea kwa kuifuta kabisa: tulipeleka madaftari na sare peke yake, na mtoto mdogo akafungua mzigo, akatafuta hadi chini, akauliza, "Na cha Krismasi kiko wapi?" Alikuwa na haki. Kwetu mtoto asiye na nguo ya sikukuu hujificha ndani siku nzima wenzake wakizunguka mitaani. Basi tengeni sehemu ndogo kwa ajili ya tarehe 25: gauni au shati moja la kutokea, mchele wa pilau, dagaa au migebuka, mafuta, chumvi ya Uvinza, na kitu kitamu. Mlezi naye apate kanga au kilo ya sukari, kwa sababu yeye ndiye atakayeosha hizo sare mwaka mzima.

Kufunga msitumie mifuko ya plastiki, ambayo imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Kiroba safi kinafaa, kinavumilia mvua, na mlezi atakitumia tena.

Kukabidhi

Mwaka wa kwanza tuliwaita watoto mbele ya watu wote. Msichana wa miaka kama 12 alipoitwa hakuinuka. Alipoitwa mara ya pili alitoka nje, na tulimkuta nyuma ya jengo akiwa amekaa kwenye matofali, akilia kwa hasira. Mwanafunzi mwenzake alikuwa ameketi benchi la pili. Mzigo ule ulipelekwa nyumbani usiku, na tangu hapo mizigo yote hupelekwa nyumbani usiku.

Pelekeni mara mbili. Tarehe 23 au 24 jioni ipelekwe sehemu ya sikukuu. Vifaa vya shule vipelekwe siku chache kabla ya shule kufunguliwa, ambayo mara nyingi huwa wiki ya pili ya Januari. Sababu yake ni ya kibinadamu tu: viatu vipya vinavyokaa wiki tatu ndani ya nyumba yenye njaa vinaweza kuuzwa, na simlaumu mlezi anayeviuza ili watoto wale. Tusimweke katika jaribu hilo.

Mzigo akabidhiwe mlezi mkononi, naye ndiye ampe mtoto. Heshima ya bibi mbele ya mjukuu wake ni sehemu ya zawadi. Picha zisipigwe, akitokea mfadhili anayetaka uthibitisho, apigiwe picha ya viroba vilivyofungwa na daftari la risiti. Tangu mwaka 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata kabla ya sheria hiyo, sura ya mtoto akipokea msaada haikuwa mali yetu ya kurusha kwenye makundi ya simu.

Mji wetu ni wa dini mchanganyiko, na Ujiji hasa ina Waislamu wengi. Mtoto wa Kiislamu mwenye uhitaji aingie kwenye orodha kama mwingine yeyote, na mzigo wake usiwe na masharti wala kijitabu cha mahubiri ndani. Mkipeleka kuku au nyama, mchinjaji awe Mwislamu, ili kila nyumba iweze kula bila kuuliza.

Makao ya watoto na kambi za wakimbizi

Kikundi kikipenda kupeleka msaada kwenye makao ya watoto, kiulize kwanza msimamizi kinachokosekana, na kihakikishe kwa afisa ustawi wa jamii kwamba makao hayo yana leseni. Makao mengi hupokea mchele wa kufurika wiki ya Krismasi na kukauka kabisa Machi. Ahadi ya gunia moja la unga wa mahindi kila mwezi hadi Juni ina faida kuliko lori la siku moja.

Watu huuliza pia kuhusu kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Msifunge safari na viroba mkafika getini. Kuingia kambini kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, na njia nyepesi ni kupitia mashirika ambayo tayari yana ruhusa ya kufanya kazi humo.

Januari

Wiki ya kwanza ya shule, mtu mmoja aende kwa walimu wa darasa na kuuliza jambo moja: wameripoti? Asiyeripoti atembelewe siku hiyo hiyo, kwani kikwazo kilichobaki huwa kidogo sana, labda mchango wa dawati, labda bibi ameugua na mtoto anauza mihogo badala yake. Kisha zipeni taarifa familia zote zilizotoa, kwa hesabu tu bila majina: tumepokea kiasi hiki, tumetumia kiasi hiki, watoto wanane, wameripoti saba, wa nane ataripoti Jumatatu. Taarifa hii ifike kabla ya mwisho wa Januari, hata kama ni mistari minne kwenye simu.

Zile kamba msizitupe. Zitieni kwenye bahasha na namba zake. Oktoba mkirudi kupima, wekeni kamba ya zamani kando ya mguu, muone umezidi kwa kiasi gani, kisha chukueni kamba zote mbili mwende nazo kwa familia iliyonunua viatu mwaka uliopita. Ziwekeni mezani pamoja, ile fupi na ile ndefu, halafu mwache mama wa nyumba azipime mwenyewe.